Benvenuto Cellini, Sonara wa Florence

Benvenuto Cellini alizaliwa katika mji wa Florence, nchi ya Italia, tarehe 3 Novemba, mwaka wa 1500. Babaye, jina lake Giovanni, alikuwa mpiga filimbi na fundi wa kutengeneza ala za muziki. Wazazi walikuwa wamekwisha kupata binti, wakatazamia kupata binti wa pili. Hata walipoona ya kuwa ni mtoto mwanamume, wakafurahi sana, wakampa jina la Benvenuto, ambalo maana yake kwa lugha ya kwao ni Karibu.

Alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi, babaye alikuwa akiota moto siku ya baridi, akaona katikati ya ndimi za moto mnyama mdogo mfano wa mjusi. Akamwita mwanawe atazame, kisha akampiga kofi kali la sikio. Mtoto akalia kwa uchungu. Babaye akambembeleza, akampa fedha kidogo, akamweleza ya kuwa hakumpiga kwa kosa lo lote, bali kwa kusudi asisahau kamwe alichokiona. Watu wa siku zile waliamini ya kuwa mnyama yule aweza kuishi motoni bila kuungua. Sasa yajulikana ya kuwa hakuna mnyama wa namna hiyo; yule huishi katika magogo yenye unyevu, na gogo likitiwa motoni hutoka mbio kuokoa roho yake. Lakini lile kofi lilifanya kazi yake, kwa maana Benvenuto alilisimulia hata katika uzee wake.

Giovanni alitaka mwanawe awe mpiga filimbi mkuu. Benvenuto aliichukia filimbi. Alipiga ili kumpendeza babaye tu, na mara alipopata nafasi alichukua kalamu akachora. Alipokuwa na miaka 15 akaingia katika karakana ya sonara mmoja kujifunza kazi, wala hakutoka tena katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata akapigana na vijana wenziwe kwa ajili ya nduguye, na mahakimu wakamfukuza mjini kwa muda wa miezi sita. Akaenda Siena, akafanya kazi huko kwa sonara mwingine. Hivyo tangu mwanzo mambo mawili yalifuatana katika maisha yake: mkono mwepesi wa kazi, na mkono mwepesi wa kupiga.

Alipotimiza miaka 19 akaenda Roma. Mji ule ulikuwa na maaskofu na matajiri wengi waliotaka pete, vinara vya fedha, vikombe, na vifungo vya dhahabu. Katika siku zile kazi ya usonara iligawanyika mikononi mwa mafundi wengi. Mmoja alijua kuchora nakshi juu ya fedha, wa pili kutia rangi za kioo kilichoyeyushwa juu ya dhahabu, wa tatu kukaza almasi katika pete, wa nne kuchonga mihuri ya kupigia sarafu. Benvenuto alitaka kuzijua zote. Alipoona fundi anayemshinda katika jambo moja, hakulala mpaka amejifunza jambo lile. Na akiisha kujifunza, hakuona haya kusema ya kuwa amemshinda yule fundi. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa sifa zake.

Mwezi wa Mei, mwaka wa 1527, askari wa Kaisari Charles V waliingia Roma, wakaua watu na kunyang'anya mali. Papa Clement VII akakimbilia ndani ya ngome iitwayo Castel Sant'Angelo. Cellini naye akaingia ngomeni, akawekwa penye mizinga pamoja na wapiga mizinga. Siku moja Papa akamwita kwa siri chumbani. Akaonyeshwa mataji na vito vyote vya hazina, akaamriwa avitoe vito katika dhahabu yake. Vito vikafungwa katika vipande vya karatasi, vikashonwa ndani ya nguo za Papa na za mtumishi wake mmoja. Kisha Cellini akajenga tanuru ndogo ya matofali chumbani mwake, akaiyeyusha dhahabu yote, nayo kwa hesabu yake ilikuwa kama ratli 200. Kazi ile ilikuwa ya mafundi wengine waliokwisha kufa, waliotaabika miaka mingi juu ya mataji yale. Nayo iligeuka kuwa madonge kwa siku chache tu. Jambo hilo lilikuwa kawaida katika usonara wa zamani. Mwenye mali akipatwa na shida, chombo cha dhahabu huyeyushwa, na ustadi wa fundi hupotea pamoja na moshi.

Vita vilipokwisha, Papa akataka kifungo cha kufungia joho lake kifuani, kikubwa kama kiganja cha mkono, chenye sura ya Mwenyezi Mungu na almasi moja kubwa sana. Masonara wengi walileta michoro. Karibu wote waliiweka almasi katikati ya kifua cha ile sura. Cellini akaona ya kuwa jiwe kubwa likiwekwa hapo laifanya sura ionekane kama mtu aliyebeba mzigo. Akaiweka almasi katikati ya kifungo, na Mungu akiketi juu yake kama juu ya kiti cha enzi, akiinua mkono wa kubariki, na watoto wadogo wenye mabawa wakikishika kiti kwa chini. Papa alipoona mfano ule wa nta hakutazama tena michoro ya wengine. Cellini akachukua bamba la dhahabu, akalifua kwa upande wa nyuma kidogo kidogo kwa vyuma vyembamba, hata sura zikatokea kwa upande wa mbele, nyingine zimeinuka sana, nyingine kidogo tu. Kazi ya namna hii yataka subira, kwa maana pigo moja likizidi, dhahabu hupasuka.

Subira hiyo aliyokuwa nayo juu ya dhahabu hakuwa nayo juu ya watu. Nduguye alipouawa katika mapigano mwaka wa 1529, Cellini alimvizia usiku yule askari aliyemwua, akamwua kwa jambia. Mwaka wa 1534 akamwua sonara mwenzake, jina lake Pompeo, aliyekuwa adui yake. Papa mpya, Paul III, akamsamehe kwa sababu ya ustadi wake. Waliokuwa karibu na Pompeo hawakumsamehe. Mtu angeweza kuuliza ni haki gani hiyo, fundi wa pete kusamehewa damu ambayo mpagazi angenyongwa kwa ajili yake. Ndivyo ilivyokuwa Roma wakati ule.

Hatimaye haki, au mfano wa haki, ikamgeukia kwa jambo ambalo yeye alilikana daima. Mwaka wa 1538 akashitakiwa ya kuwa aliiba sehemu ya vito vya Papa siku zile za kuzingirwa, akafungwa katika ngome ile ile aliyoilinda. Humo gerezani ufundi wake ulimfaa kwa njia ya ajabu. Alipata koleo kwa hila, akawa aking'oa usiku misumari ya mlango mmoja mmoja. Na mahali pa kila msumari akaweka kichwa cha msumari alichokifinyanga kwa nta iliyochanganywa na kutu. Walinzi walitazama mlango kila siku wasitambue. Kisha akakata shuka zake vipande, akavifunga pamoja, akateremka ukutani usiku. Katika ukuta wa mwisho akaanguka akavunjika mguu, akatambaa mpaka mjini. Akashikwa tena, akatiwa katika chumba cha giza chenye maji, hata Kardinali wa Ferrara akamwombea kwa Papa mwishoni mwa mwaka wa 1539, akafunguliwa.

Kardinali huyo akampeleka Ufaransa kwa Mfalme Francis wa Kwanza, mfalme aliyependa mafundi kuliko wafalme wengi. Zamani Cellini alikuwa amemfanyia Kardinali mfano wa nta wa chombo cha kuwekea chumvi mezani, na watu wenye maarifa walisema ya kuwa chombo kile hakiwezi kufanywa kwa dhahabu. Mfalme alipouona mfano akaamuru apewe dhahabu ya sarafu 1,000. Cellini alizichukua mwenyewe katika kikapu, peke yake, jioni. Njiani wakamrukia watu wanne wenye panga, naye akapigana nao mpaka akafika karibu na nyumba yake, na watu wake wakatoka kumsaidia. Chombo kilikwisha mwaka wa 1543. Kimo chake ni sentimita 26 tu. Juu yake wameketi watu wawili wa dhahabu wakielekeana: mwanamume ni bahari, na kando yake jahazi dogo la kutilia chumvi, mwanamke ni nchi kavu, na kando yake nyumba ndogo ya kutilia pilipili manga. Miguu yao yapishana, kama vile bahari iingiavyo katika nchi na nchi iingiavyo katika bahari. Chini ni kitako cha mti mweusi uitwao abunusi, chenye vigurudumu vya pembe za ndovu, ili kiweze kusukumwa huku na huku juu ya meza.

Pamoja na hayo yote, Cellini hakuridhika. Masonara waliheshimiwa, lakini si kama wachongaji wa sanamu kubwa. Kazi ya sonara hufungiwa sandukuni. Sanamu husimama uwanjani, watu wote wakaiona, maskini na tajiri. Basi mwaka wa 1545 alirudi Florence, akaenda kumsalimu mtawala wa mji, Cosimo de' Medici. Cosimo akamtaka amfanyie sanamu ya Perseus, yule shujaa wa hadithi za Wayunani aliyemkata kichwa Medusa, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye kila aliyemtazama aligeuka kuwa jiwe. Tena haikuwa sanamu ya kusimama mahali po pote. Ilikuwa isimame katika uwanja mkuu wa Florence, mbele ya Daudi wa mawe aliyechongwa na Michelangelo, na karibu na sanamu ya shaba nyeusi ya Donatello. Fundi atakayeshindwa mahali pale atashindwa mbele ya mji mzima. Mchongaji mmoja, Baccio Bandinelli, ambaye sanamu yake ilikuwa imekwisha simama pale, alimdharau Cellini kama mgeni katika kazi ya sanamu kubwa. Nao wakatukanana mbele ya mtawala mwenyewe.

Sanamu ya shaba hufanywa hivi. Kwanza fundi hufinyanga umbo kwa udongo juu ya mifupa ya chuma. Juu ya udongo huo hupaka nta, unene wake sawa na unene wa shaba inayotakiwa, akaichonga nta kwa uangalifu mpaka kila unywele umeonekana. Juu ya nta huvika udongo mwingine, akauacha ukauke na kuukaza kwa vyuma. Kisha huwasha moto wa polepole, nta yote ikayeyuka na kutoka, nafasi yake ikabaki tupu. Katika nafasi hiyo humimina shaba iliyoyeyuka. Hana nafasi ya pili: shaba ikishindwa kufika mahali, au ikiganda njiani, kazi ya miaka imepotea, kwa maana nta haipo tena.

Mtawala alisema wazi ya kuwa haamini kazi ile itatoka salama. Cellini akamjibu ya kuwa yote yatatoka, ila vidole vya mguu wa kulia, kwa sababu mguu ule uko chini kabisa, na shaba yaweza kupoa kabla ya kufika.

Siku ikawadia katika mwaka wa 1549. Kalibu kubwa ilikuwa imeteremshwa kwa kamba katika shimo mbele ya tanuru, na udongo umeshindiliwa pande zote. Tanuru ikajazwa vipande vya shaba, wakawasha kuni za msonobari. Utomvu wa msonobari ukawaka kwa nguvu hata paa la karakana likashika moto. Upande wa pili, wa bustani, mvua na upepo vikaipiga tanuru na kuipoza. Cellini alikimbia huku na huku kwa saa nyingi, mpaka homa kali ikamshika, hata hakuweza kusimama. Akawapa wasaidizi wake maagizo, kisha akaenda kulala, akidhani ya kuwa atakufa kabla ya kucha.

Baada ya saa mbili mtu mmoja aliingia chumbani, mwili umempinda kwa huzuni, akamwambia ya kuwa kazi imeharibika wala haina dawa. Cellini akaruka kitandani, akavaa nguo, na kila aliyemkaribia kumsaidia akapata teke au ngumi. Akafika kwenye tanuru, akaona shaba imeganda kama uji uliopoa. Kwanza akatuma watu waende nyumba ya jirani kuleta kuni za mwaloni, zilizokauka zaidi ya mwaka mmoja, maana mwaloni hutoa moto mkali sana. Wengine akawapandisha darini kuzima moto, na wengine akawaambia wasimamishe mbao na mazulia upande wa bustani kuzuia mvua. Kisha akaleta bati, ratli 60, akaitupa ndani ya tanuru. Alijua alitendalo. Shaba nyekundu peke yake haiyeyuki mpaka moto ufike digrii 1,085. Bati huyeyuka kwa digrii 232 tu. Na shaba ikichanganywa na bati huyeyuka upesi zaidi kuliko ikiwa peke yake. Polepole uji ule ukaanza kulainika. Wasaidizi waliokata tamaa wakapiga kelele za furaha. Cellini mwenyewe aliisahau homa.

Mara kukawa na kishindo na mwanga kama wa radi. Kifuniko cha tanuru kilikuwa kimepasuka, na shaba ikaanza kumwagika. Akaamuru milango ya kalibu ifunguliwe upesi. Shaba ikatoka, lakini ilikwenda polepole mno, kwa sababu bati ilikuwa imeungua katika moto ule mkali. Ndipo akaagiza zikusanywe sahani zote, na mabakuli na vikombe vyote vya bati vilivyokuwa nyumbani mwake, vikawa kama 200, vikatupwa kimoja kimoja mbele ya mlango wa tanuru na vingine ndani yake. Shaba ikawa nyepesi kama maji, ikatiririka, ikajaza kalibu mpaka juu. Cellini akapiga magoti akamshukuru Mungu, kisha akala chakula pamoja na wasaidizi wake kwa hamu kubwa, akalala usingizi mwema. Kesho yake ilibidi wanunue sahani za udongo.

Aliiacha kalibu ipoe siku mbili, ndipo akaanza kuifungua kidogo kidogo. Kichwa cha Medusa kilikuwa kamili. Kichwa cha Perseus kilikuwa kamili. Akafukua mpaka chini, akafika kwenye mguu wa kulia, akaona vidole vimepungua kidogo, kama alivyosema.

Bado kulikuwa na kazi ya miaka ya kusugua, kuchonga, na kutengeneza kitako cha mawe chenye sanamu ndogo nne za shaba. Hapo usonara wake ulionekana tena, hata mke wa mtawala, Eleonora, akazitaka zile sanamu ndogo ziwekwe chumbani mwake. Cellini akafanya haraka akazikaza kitakoni kabla hajazuiwa, na yule mama akakasirika sana. Hasira nyingine ilitokea kwa sababu ya lulu. Eleonora alitaka mumewe amnunulie kidani cha lulu kwa sarafu 6,000, akamwomba Cellini azisifu mbele ya mumewe. Alianza kuzisifu, lakini mtawala alipomtaka aseme kweli kama fundi, akasema ya kuwa hazifiki hata 2,000. Lulu zikanunuliwa baadaye vile vile, na Cellini akaupoteza urafiki wa mwenye nguvu mmoja kwa neno la kweli. Maneno yake mengi yalikuwa ya majivuno, lakini juu ya vito hakupenda kudanganya.

Tarehe 27 Aprili, mwaka wa 1554, pazia liliondolewa mbele ya Perseus. Watu wa Florence walijaa uwanjani, wakabandika mashairi ya sifa penye nguzo, na mtawala akajificha dirishani kusikiliza wanayosema. Ilipofika siku ya malipo, Cellini alitaka 10,000. Mtawala akasema kwa fedha hizo mtu hujenga miji na majumba ya kifalme. Cellini akajibu ya kuwa wajenzi wa miji ni wengi, lakini atafuteye mwingine wa kufanya Perseus hatampata. Alipewa ahadi ya 3,500, nazo alizipata kwa vipande vipande na kwa kudai sana.

Baada ya hapo kazi kubwa zilipungua. Mwaka wa 1558 akaanza kutunga habari za maisha yake, akizisema kwa kinywa huku mikono ikifanya kazi, na kijana mmoja akiandika. Nyingi za habari hizi zatoka katika kitabu hicho, na yafaa kukumbuka ya kuwa aliyezisimulia alijipenda sana. Alifariki Florence mwezi wa Februari, mwaka wa 1571. Kitabu chake hakikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1728.

Kile kifungo cha Papa kiliyeyushwa mwaka wa 1797, Napoleon alipoitoza Roma fedha za vita. Pete na vinara vyake karibu vyote vimepotea. Chombo cha chumvi kipo Vienna katika nyumba ya makumbusho. Kiliibwa mwezi wa Mei, mwaka wa 2003, kikapatikana Januari, mwaka wa 2006, kimefukiwa ndani ya sanduku msituni. Perseus yu pale pale uwanjani Florence. Katika ukanda upitao kifuani mwake pameandikwa jina la Benvenuto Cellini, ya kuwa ni raia wa Florence, na mwaka wa 1553.